Nilitumwa na Mama kuiona nyumba ya Kaka

Msomaji, hebu nikuulize swali kabla hatujafika mbali. Lau ungetumwa na mamako mzazi, ukapanda ndege mbili na kukesha usiku kucha, ili ukahakikishe kama ni kweli nduguyo mkubwa analala ndani ya gari, nawe ukafika na kumkuta kweli analala ndani ya gari, ungerudi nyumbani useme nini?

Usinijibu sasa. Ngoja kwanza nikueleze mambo yalivyokuwa.

Kaka yangu, kifungua mimba wa Mama, aliondoka kwetu Nyamira mwaka 1999 kwenda Marekani kusomea uuguzi. Alifuzu, akaajiriwa, akaoa huko huko na akanunua nyumba. Picha ya nyumba hiyo Mama aliitundika sebuleni, pembeni mwa picha ya harusi yake na Baba, na hakuna mgeni aliyemaliza chai yake bila kuonyeshwa. Mwaka 2019 ndoa ya Kaka ilivunjika. Nyumba ikauzwa na kila mtu akachukua mgawo wake. Hayo Mama aliyajua, akayalia, akayamaliza. Picha haikuteremshwa ukutani.

Asichokijua ni kilichofuata. Siku moja baada ya ibada, mwenzake mmoja wa chama cha akina mama alimwonyesha picha kwenye simu. Kaka ameketi kwenye kiti cha kukunja, kikombe mkononi, na nyuma yake limesimama gari kubwa mithili ya basi la Kisii kwenda Nairobi. Chini ya picha aliandika: "Nyumbani."

Mama hakungoja chai ya kanisani. Alinipigia simu akiwa bado njiani.

"Mtu wa miaka hamsini na miwili analala garini kama makanga?"

Sasa msomaji, ungedhani ni aibu tu iliyomsumbua. La. Baba alipofariki mwaka 2011 alituachia shamba lisilofika ekari tatu. Sehemu ya Kaka, pale karibu na mparachichi, haijawahi kujengwa hata choo. Imeota nyasi za nepia za ng'ombe. Kitinda mimba wetu ana mke na watoto watatu, wanabanana katika vyumba viwili, na kwa miaka kadhaa amekuwa akiitazama nepia ile bila kusema neno. Kwa watu wa kwetu, mwana wa kiume asiyejenga kwao ni kama msafiri aliyeshuka njiani. Hujui umhesabu au usimhesabu.

"Nenda umuulize," Mama akaniagiza. "Atajenga ama hajengi? Akisema hajengi, nimpe mwenzake mahali pale, maisha yaendelee. Lakini kwanza utazame analala wapi. Utazame kwa macho yako wewe mwenyewe, usiambiwe."

Ndiposa mwezi wa Julai mwaka 2024, kwa tiketi aliyonilipia Kaka mwenyewe, nikatua Des Moines katika jimbo la Iowa. Tulikuwa hatujaonana tangu alipokuja nyumbani mwaka 2015. Nilimkuta amejaa mvi. Alinikumbatia kwa muda mrefu kisha akauliza, "Mama amekutuma uone gari, siyo?"

Nikacheka. Ningefanya nini?

Nilikuwa nimejiandaa kuona kitu kama Nissan iliyong'olewa viti na kutandikwa godoro. Nilichokiona kilikuwa na urefu wa futi 38, yaani karibu mita 11 na nusu. Chukua matatu mbili za abiria 14, uzipange moja nyuma ya nyingine, na bado utabaki na nafasi ya kuegesha bodaboda. Ndani mlikuwa na kochi, meza, jiko la gesi, friji linalonipita kimo, choo, bafu na chumba cha kulala chenye mlango. Mimi ninayepanga chumba kimoja Nairobi, ambako jiko na kitanda vimetenganishwa na pazia, nilisimama pale mlangoni nikajiona ndiye ninayestahili kuonewa huruma.

Ndipo taabu yangu ilipoanza. Nikimwambia Mama ni gari, nitakuwa nimesema uongo. Nikimwambia ni nyumba, pia nitakuwa nimesema uongo.

Kaka alinieleza usiku ule jinsi alivyofikia maisha hayo. Kuna wauguzi huko Marekani wanaofanya kazi kwa mikataba mifupi, aghalabu majuma 13, hospitali hii leo na ile kesho, mahali popote palipo na upungufu. Malipo si mabaya. Lakini kila unapohamia lazima upange nyumba, ununue kitanda, kisha uviache tena. Wengi wao huona heri wabebe nyumba yenyewe. Kaka alilinunua gari hilo mwaka 2020 likiwa limetumika, kwa mgawo wa ile nyumba iliyouzwa, na hana deni. Alinisisitizia hilo la deni mara tatu, kwa maana wenzake wengi hulikopea gari kama hilo kwa miaka 15 au hata 20, ilhali thamani yake huanza kushuka siku ile ile linapotoka dukani.

Mkataba wake wa Iowa ulikuwa umemalizika. Uliofuata ulikuwa katika jimbo jirani la Minnesota na ulianza baada ya wiki moja. Wiki hiyo tungeikaa katika kambi moja mashambani, kusini mwa Minnesota. Ndiyo wiki ninayotaka kukusimulia.

Jumamosi tukang'oa nanga. Gari lake dogo la kwendea kazini lilifungwa nyuma ya lile kubwa, likawa linavutwa kama ndama. Juu ya usukani Kaka alikuwa amebandika kikaratasi: "futi 12, inchi 7." Hicho ndicho kimo cha nyumba yake, na kila daraja la kupita chini yake lazima kwanza alisome kibao. Aliniambia lita moja ya mafuta humfikisha kilomita tatu, nne akibahatika kupata mteremko. Na kisichoaminika ni kwamba, katika majimbo mengi, dude kama hilo huendeshwa kwa leseni ile ile ya gari la kawaida!

Barabarani niliona mahindi. Msomaji, usifikirie mahindi ya shamba la Trans Nzoia ukadhani umeelewa. Tulienda saa nzima pande zote mbili ni mahindi na soya, soya na mahindi, na hakuna mtu hata mmoja shambani. Niliuliza wanakula ugali gani hao. Kaka akaniambia mengi huishia kwa nguruwe na ng'ombe, na mengine hutengenezwa mafuta ya magari. Nikanyamaza kwa kilomita kadhaa.

Kabla ya kuvuka mpaka tulipita karibu na Forest City, mji mdogo ambamo kampuni ya Winnebago ilianzishwa mwaka 1958. Wamarekani wengi, wakiona gari la namna hii, hulitaja kwa jina hilo hata kama limetengenezwa na kampuni nyingine, kama sisi tulivyozoea kuita kila sabuni ya unga Omo. Lakini makao makuu ya biashara hii ni eneo la Elkhart, jimbo la Indiana. Mwaka 2021, baada ya watu kuchoka kufungiwa majumbani na korona, viwanda vyote vya biashara hii kwa jumla vilitoa magari na trela za kulala zaidi ya 600,000 kwa mwaka mmoja, idadi ambayo haikuwa imewahi kufikiwa.

Karibu na mwisho wa safari Kaka alikosea kona. Hapo nikajifunza jambo ambalo hakuwa ameniambia: anayevuta gari nyuma namna ile hawezi kurudi nyuma hata hatua chache, magurudumu ya lile dogo hujikunja na kuvunjika vyuma. Ikabidi tushuke katikati ya barabara ya changarawe, tulifungue lile dogo, niliendeshe mimi ambaye sijawahi kuendesha upande wa kulia wa barabara, naye apate kuligeuza lile kubwa. Wakati huo huo ukaja mkokoteni mweusi unaovutwa na farasi, ndani mzee wa kizungu mwenye ndevu na kofia ya majani, mkewe kando na kilemba cheupe. Akatupungia mkono, akatupita polepole kwa pembeni.

Hao ni Waamish, wafuasi wa dhehebu la Kikristo ambao kwa imani yao hawavuti stima majumbani wala hawamiliki magari. Katika wilaya ile ya Fillmore walianza kuhamia mwaka 1974. Mimi niliyesoma hadi darasa la nane kwa koroboi, nikiilaani kila usiku kwa moshi wake, nilibaki nimewatazama watu walioweza kuwa na stima na wakasema hapana.

Kambi yenyewe iko kando ya mto Root, chini ya majabali ya mawe ya chokaa, shamba la mahindi likianzia pale uzio unapoishia. Ni uwanja wa nyasi uliokatwakatwa viwanja vidogo, kila kimoja na nambari, meza ya mbao, duara la chuma la kuwashia moto, na kijinguzo chenye soketi ya stima, bomba la maji safi na mdomo wa shimo la maji machafu. Kwa huduma hizo zote Kaka alilipa dola 52 kwa usiku, zaidi ya shilingi 6,700 za wakati ule. Nilishtuka. Kwa pesa hizo za majuma mawili ningelipa kodi ya nyumba kwa miezi kadhaa. Anayekaa mwezi mzima hupunguziwa sana, naye Kaka ndivyo angefanya kazi ikianza.

Viwanja vya kuingilia mbele na kutokea mbele vilikuwa vimejaa. Tukapewa cha kuingia kinyumenyume, kati ya miti miwili mikubwa.

Sasa sikiliza. Katika kambi hizi hakuna sinema kama gari kubwa linalorudi nyuma. Watu waliacha kuchoma nyama. Wazee wakageuza viti. Mtoto mmoja akaitwa na babake aje atazame. Kaka akaniambia, "Simama nyuma. Usipoiona sura yangu kwenye kioo, ujue na mimi sikuoni." Nilimtazama, nikakumbuka Kisii stendi, na damu ya Gusii ikanipanda. Nilikwenda nyuma, nikapiga ubavu wa gari kwa kiganja mara mbili, nikapaza sauti: "Lete! Lete! Lete! Kata kulia! Lete bado! Kata yote! Simamaaa!" Na kofi moja la mwisho.

Gari liliingia katikati ya ile miti kama droo. Uwanja mzima ukapiga makofi. Mama mmoja alikuja kuniuliza nilisomea wapi kazi hiyo.

Baada ya hapo kuna utaratibu wake, na Kaka huufuata kama anayemhudumia mgonjwa. Kwanza huipima soketi kwa kifaa asije akaunguziwa vyombo. Gari lake linataka ampea 50, na kambi nyingine za zamani zina 30 tu, ukiwasha kiyoyozi na kupasha chakula kwa pamoja stima inazimika. Kisha hubonyeza kitufe, jeki nne zikashuka na kulisawazisha gari, kwa sababu likiinama friji halifanyi kazi vizuri na mlango wa choo unajifungua usiku. Halafu mpira mweupe wa maji ya kunywa. Ndipo hubonyeza kitufe kingine, na, msomaji, ukuta ukaanza kutembea! Sehemu ya sebule ikasukumwa nje pamoja na kochi na watu waliolikalia, sebule ikapanuka karibu maradufu. Nilipiga kelele. Kaka alicheka hadi akashika tumbo, na kwa mara ya kwanza tangu nilipofika nikamwona yule kijana aliyekuwa akitubeba mgongoni kuvuka mto.

Kuhusu choo nitasema kwa ufupi maana hii ni Jumapili na pengine unakula. Chini ya gari mna matangi matatu: la maji safi, la maji ya kuoshea ambalo huitwa la kijivu, na lile jingine ambalo huitwa jeusi, na jina linajieleza. Hayo mawili ya mwisho humwagwa shimoni kwa mpira mnene. Jeusi hutangulia, kijivu hufuata, ili maji ya sabuni yausafishe mpira. Na koki ya jeusi haiachwi wazi hata kama umeunganishwa shimoni siku zote, la sivyo maji hutoka peke yake na kinachobaki hugeuka jabali. Kaka, fahari ya ukoo wetu, muuguzi wa miaka zaidi ya ishirini, alikuwa ameinama pale na glavu hadi kwenye viwiko. Nikamwambia Mama akiona hivi atazimia.

"Na kile choo chenu cha shimo," akanijibu bila kuinua kichwa, "mnadhani kinaenda wapi? Mimi angalau najua."

Siku nne za kwanza zilikuwa tamu. Jua la huko Julai halizami hadi karibu saa tatu za usiku. Jirani wa kushoto alituletea mahindi mabichi, tukampa chai ya maziwa na tangawizi, kesho yake akarudi na kikombe chake mwenyewe. Tulikwenda kwa Waamish kununua mayai na mkate. Kuni ilibidi tuzinunue hapo hapo karibu. Hairuhusiwi kuzibeba kutoka mbali, kwa kuwa kuna mdudu anayesafiri ndani ya kuni na ameua miti chungu nzima. Saa nne za usiku kimya hushuka kambini kama bweni la shule, hata mbwa wanajua.

Jirani wa kulia alikuwa mzee mwenye trela ya bati la fedha linalong'aa, aina ya Airstream. Aliposikia natoka Kenya alifurahi kupita kiasi, akanikumbusha kisa ambacho baadaye nilikisoma mwenyewe nikakuta ni kweli. Mwaka 1959 Wally Byam, mwanzilishi wa kampuni hiyo ya trela, aliongoza msafara wa trela 41 kutoka Cape Town kwenda Cairo. Walikwama kwenye matope, walivunja ekseli, walipita Kenya, wakaendelea hadi Ethiopia ambako Mfalme Haile Selassie aliwapokea, na wakafika Misri mwaka 1960.

"Kumbe," Kaka akaniambia kwa Kiswahili, "wao walitangulia kuja kulala garini kwetu. Mimi nimewarudishia ziara tu."

Lakini kule nyuma ya kambi, karibu na mahindi, kulikuwa na safu nyingine ambayo watalii hawapiti. Trela za zamani, nyingine zimezungushiwa vibaraza vya mbao na vyungu vya maua, baiskeli za watoto, na turubai juu ya paa. Hao hawakuja kupumzika. Hapo ndipo kwao, angalau mpaka Oktoba, kambi inapofungwa kabla maji hayajaganda mabombani. Kaka aliniambia kila kambi anayokwenda anawakuta: wastaafu ambao pensheni haitoshi kodi, kina mama wenye watoto, vibarua. Wengine walipoteza nyumba katika msukosuko wa mwaka 2008 na hawakuinuka tena. Asubuhi mmoja wao, mwanamke wa makamo, alimpungia Kaka mkono na kumwita jirani. Nikamtazama Kaka. Gari lake ni zuri kuliko la yule mama, hilo ni kweli. Lakini wote wawili anwani yao ya posta ni sanduku tu katika jimbo jingine, mahali ambapo hawana mtu.

Kila jioni nilijaribu kuliuliza swali la Mama. Kila jioni Kaka aliona kuni zimepungua, au akakumbuka kufunga koki, au alianza kunisimulia mgonjwa fulani. Siku ya nne nikasema waziwazi: "Kaka, Mama anataka kujua utajenga ama hujengi." Akaniuliza kama mparachichi bado unazaa. Nikamwambia unazaa. Akaenda kulala.

Alhamisi mchana hewa iligeuka nzito. Mbingu upande wa magharibi ilikuwa na rangi ambayo sijawahi kuiona angani, ya kijani kibichi kama jeraha linalopona. Saa tatu na nusu usiku simu ya Kaka ikalia kwa mlio wa kutisha, na kabla haijanyamaza mwenye kambi, mama mnene mchangamfu, alikuwa akizunguka na kigari chake akigonga kila mlango. Kimbunga, kile chembamba kinachozunguka kama pia, kilikuwa kimeonekana kwenye rada. Kila mtu atoke, aende vyooni.

Ndiyo, vyooni. Jengo la vyoo na bafu lilijengwa kwa matofali ya saruji, na katika kambi nzima ndilo pekee lililokuwa na msingi. Zile nyumba zote za mamilioni ya shilingi zenye kuta zinazotembea, upepo kama huo huzibiringisha kama debe tupu. Tukakimbia kwenye mvua, tukasongamana humo zaidi ya watu ishirini na mbwa watano: wa mbele na wa nyuma, mzee wa trela ya fedha, yule mama wa makamo na wanawe. Mtu mmoja alikuwa amebeba saa ya ukutani. Stima ikazimika. Mvua ya mawe ilipiga bati hata tukashindwa kusikilizana.

Kaka alikuwa amekumbatia mfuko wa plastiki. Mwenye tochi alipotumulika niliona yaliyomo: pasipoti, cheti chake cha uuguzi, picha ndogo ya Baba, na karatasi iliyokunjwa hadi ikachakaa mikunjoni. Niliitambua hiyo karatasi. Sisi watoto wote tulipewa nakala. Ni mchoro wa mpima ardhi wa shamba letu.

"Nilimlipa mtu anichoree nyumba," akaanza kusema ghafla, karibu na sikio langu ili nisikie. "Ghorofa moja, vyumba vinne. Mwaka 2016. Kila mwaka nasema mwaka ujao. Kisha yakaja yale mengine. Nitarudije kwa Mama mikono mitupu, na picha ile ingali ukutani?"

Sikuwa na jibu. Nilimshika mkono. Mvua ilipopungua kidogo akaongea tena.

"Nimekaa miaka minne kwenye futi 38. Sijawahi kukosa mahali pa kuweka kitu. Mwambie Mama nitajenga, lakini ni kadiri hiyo hiyo. Mpimieni mdogo wetu pote palipobaki, ajenge, watoto wapumue. Mimi mniachie pale penye mparachichi. Iwe ya matofali, na msingi uchimbwe vizuri."

Kimbunga hakikutufikia. Kulipopambazuka tulikuta matawi yametapakaa kila mahali, turubai moja juu ya mti, na trela ya fedha ikiwa na bonde jipya mgongoni. Mzee alilipapasa na kusema imewahi kupigwa vibaya zaidi. Gari la Kaka lilisimama pale pale tulipoliacha. Alilizunguka mara mbili akigusa kila jeki, kisha akaenda kumsaidia yule mama wa safu ya nyuma kurudisha bati lake.

Jumatatu alianza kazi, nami nikarudi nyumbani.

Nilimpata Mama jikoni akichambua mboga. Hakuuliza habari za safari.

"Ni gari ama ni nyumba?"

"Ni nyumba, Mama. Ina kila kitu. Lakini upepo ukija wanaikimbia."

Nikamweleza yote, hata vyoo. Alisikiliza huku mikono ikiendelea na kazi. Nilipofika kwenye futi 38 aliiweka sinia chini.

"Kifungua mimba wangu ajenge kibanda? Na mdogo wake ajenge kubwa? Watu watasema nini?"

"Watasema amejenga."

Alinyamaza kwa muda. Kisha akamwita kitinda mimba, akamwambia alete panga na ile kamba ya ng'ombe. Tulikwenda sote hadi kwenye mparachichi. Ndugu yangu alifyeka nepia, mimi nikapima kwa utepe wa fundi cherehani tulioazima kwa jirani, tukapigilia vigingi vinne na kuzungusha kamba. Futi 38 kwa futi 8 na nusu. Palionekana padogo mno, msomaji, kama kaburi la jitu.

Mama aliingia ndani ya kamba. Akatembea toka mwanzo hadi mwisho, akarudi, akasimama katikati na kuyatazama majani chai ng'ambo ya bonde.

"Kule kwake mlango unatazama wapi?" akauliza.

Nikamwambia kule unatazama popote anapotaka, hubadilika kila miezi mitatu.

"Hapa utatazama kwangu," akasema, na akachukua kigingi cha tano mkononi mwa ndugu yangu akaonyesha mahali pa kukipigilia.